Mgao wa Alfajiri: Kumbukumbu ya Kompyuta Kabla Mfumo Haujaamka

Kwenye kibanda cha fundi simu pale Kilwa Masoko, mzee mmoja mvuvi aliweka simu yake mpya juu ya meza, na boksi lake kando. "Kijana," alimwambia fundi, "boksi linasema GB mbili. Nikiingia ndani naambiwa moja na pointi. Hiyo nyingine kaichukua nani?" Fundi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa ameifungua: "Sistimu imekula, mzee wangu. Zote ziko hivyo." Mzee aliitazama simu yake kwa muda, akaitia mfukoni, akaaga. Alionekana hajaridhika, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye benchi sikuridhika vilevile.

Jibu la fundi ni la kweli, ila limeishia mlangoni. Sistimu imekula lini? Nani aliipimia? Mbona imekula kabla mwenye simu hajafungua hata programu moja? Maswali haya yanatupeleka kwenye sekunde za kwanza baada ya kubonyeza kitufe cha kuwasha, wakati skrini bado ni nyeusi. Ndani ya muda huo mfupi kuna kazi ambayo watumiaji hawaioni na wanafunzi wengi wa kompyuta huiruka, nayo ndiyo inayoamua kila kitu kitakachofuata.

Mfumo endeshi wa Android umejengwa juu ya Linux, kerneli ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Kwa hiyo simu za Android zilizo mifukoni mwa watu kuanzia Somanga hadi Mchinga, na seva za Linux zilizofungiwa kwenye vyumba vya baridi Dar es Salaam au Frankfurt, huamka kwa utaratibu wa ukoo mmoja. Kerneli ni kiini cha mfumo: ndiyo inayosimamia prosesa, diski, mtandao, na zaidi ya yote ram, yaani kumbukumbu ya kazi. Programu yoyote ikitaka nafasi humwomba mgawaji aliye ndani ya kerneli. Lakini mgawaji huyo naye ni programu. Ana madaftari, foleni na majedwali, na vyote hivyo vinahitaji nafasi kwenye kumbukumbu ileile anayoigawa. Kabla hajawa tayari, yeye anaomba kwa nani?

Mzee yule angelielewa tatizo hili upesi kuliko wengi, kwa kuwa analiishi. Mashua ikirudi alfajiri, mnada haufunguliwi palepale. Kwanza kitoweo cha wavuvi kinawekwa pembeni. Gharama ya mafuta ya mashine inahesabiwa. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati ya chombo na watu. Anayetenga akikosea, ugomvi hauishi hata dalali awe hodari namna gani. Kompyuta nayo ina alfajiri yake, na hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba mgao wote wa mchana unasimama juu ya orodha iliyoandikwa alfajiri: nani alikuwepo kabla yetu, na amekalia wapi.

Ramani isiyo kamili

Prosesa ikipata umeme, haianzi na kerneli. Inaanza na programu fupi iliyohifadhiwa kwenye chipu: BIOS au UEFI kwenye kompyuta nyingi, na programu ya mtengenezaji wa chipu kwenye simu. Programu hiyo huamsha ram, kisha kerneli husomwa kutoka kwenye diski, huwekwa mahali fulani kwenye kumbukumbu, na kuachiwa usukani. Kerneli inapofungua macho haijui ram ni kiasi gani, haijui ipo wapi, na haijui ni sehemu ipi haipaswi kuguswa. Inaambiwa.

Kwenye kompyuta za ukoo wa IBM PC, taarifa hiyo huja kama jedwali ambalo mafundi hulitaja kwa namba ya huduma yake ya BIOS, e820. Kila mstari wake una mwanzo wa eneo, ukubwa wake na aina yake: aina ya 1 inatumika, aina ya 2 imetengwa, aina ya 5 ni mbovu. Ukilisoma jedwali hilo kwa mara ya kwanza utashangaa kuona kwamba kumbukumbu si kiwanja kimoja kilichonyooka. Ina mashimo. Shimo maarufu kuliko yote lina umri wa kompyuta ya IBM ya mwaka 1981: kati ya kilobaiti 640 na megabaiti 1, pale palipoachiwa kadi ya skrini na chipu za ROM. Miaka zaidi ya 40 baadaye, kompyuta yenye gigabaiti 16 bado inaamka ikiwa na shimo hilo. Zaidi ya hapo, baadhi ya BIOS zimejulikana kuandika ovyo kwenye kumbukumbu ya chini hata baada ya kerneli kuchukua usukani. Ndiyo maana siku hizi Linux kwenye kompyuta hizo haithubutu kulima megabaiti ya kwanza. Inaitenga yote na kuendelea na safari.

Kwenye simu, ambazo nyingi hutumia prosesa za ARM, hakuna e820. Mtengenezaji huandika maelezo ya kifaa chake kwa muundo wa mti: hapa pana prosesa, hapa pana kamera, ram inaanza hapa na kuishia pale. Ndani ya mti huo kuna tawi la maeneo yaliyotengwa. Eneo hili ni la modemu, inayozungumza na mnara wa simu. Hili ni la upande wa usalama unaotunza funguo za siri. Hili ni la picha inayoonekana skrini inapowaka. Kerneli haijadiliani na orodha hii. Inaipokea, inaiandika, inaiheshimu.

Hapa ndipo jibu la mzee linapoanzia. Sehemu ya GB zake mbili ilikuwa na mwenyewe tangu kiwandani.

Daftari la orodha mbili

Baada ya kuambiwa, kerneli inahitaji mahali pa kuandika. Linux hutumia chombo kinachoitwa memblock, na wepesi wake ndio fundisho lake. Memblock ni orodha mbili tu. Ya kwanza inataja maeneo yote ya ram yaliyopo. Ya pili inataja maeneo yaliyokwisha kuchukuliwa. Hakuna orodha ya tatu ya maeneo matupu. Utupu hauandikwi, unapatikana kwa kutoa. Kitu kikihitaji kilobaiti 64, memblock hutafuta pengo lililomo kwenye orodha ya kwanza na lisilomo kwenye ya pili, kisha huliandika pengo hilo kwenye ya pili. Mgao umekwisha. Kwa kawaida hutafuta kutoka juu kwenda chini, ili kumbukumbu ya chini, ambayo vifaa vya zamani huihitaji, isimalizwe mapema.

Daftari lenyewe linakaa wapi, ikiwa hakuna wa kulipatia nafasi? Limechapwa ndani ya kerneli tangu ilipotengenezwa. Kila orodha huja na nafasi ya mistari 128 iliyoachwa wazi ndani ya faili ya kerneli yenyewe, kwa hiyo kerneli inapotua kwenye ram inatua na daftari lake mkononi. Mistari ikijaa, na hali ikiruhusu, memblock hujiombea kutoka kwake yenyewe nafasi ya daftari kubwa maradufu, hunakili mistari ya zamani, na kuendelea. Huu ndio ufumbuzi wa fumbo la kuku na yai katika fani hii: huanzi na chombo kamili, unaanza na kidogo kilichobebwa kutoka nyumbani, ambacho kinatosha kupata kikubwa zaidi.

Utaratibu wa kuandika nao una adabu yake. Jambo la kwanza kabisa ni kerneli kujiandika yenyewe, kwamba eneo lililobeba maagizo na data zake limechukuliwa. Kisha huandika diski ndogo ya muda iliyoletwa pamoja nayo, taarifa zilizoachwa na BIOS au UEFI, na maeneo ya vifaa. Baada ya hapo ndipo ombi la kwanza la nafasi linaruhusiwa. Ukigeuza utaratibu huo, ukagawa kabla ya kuandika, memblock inaweza kumpa mwombaji eneo ambalo ndani yake kuna maagizo ya kerneli yenyewe. Mwombaji ataandika data yake hapo kwa nia njema kabisa, na mashine itakufa dakika mbili baadaye mahali pengine kabisa, pasipo na uhusiano wowote na kosa. Makosa ya alfajiri ni magumu kwa sababu hiyo: hayaonekani yanapotendeka. Mara nyingi hata skrini haijawa tayari kuandika ujumbe.

Kilichotangulia memblock

Linux haikuanza na daftari hili, na historia yake inafaa kusomwa na yeyote anayejenga mfumo wowote. Mwaka 1999 Ingo Molnar aliandika chombo kilichoitwa bootmem. Kilitumia ramani ya biti: kila ukurasa wa ram, ambao kwa kawaida ni baiti 4,096, ulipewa biti moja. Sifuri ukiwa mtupu, moja ukiwa umechukuliwa. Ni wazo safi, lakini lina deni ndani yake. Ramani ya biti inakua kadiri ram inavyokua, kwa hiyo lazima ujue ukubwa wa ram kabla ya kuikata. Tena ramani yenyewe inahitaji mahali pa kukaa. Kompyuta ya GB 4 ina kurasa 1,048,576, hivyo ramani yake ni kilobaiti 128. Nani atatafuta kilobaiti hizo? Ikabidi kuwe na mgawaji wa kabla ya mgawaji wa alfajiri, na kila ukoo wa prosesa ukajiandikia wa kwake.

Wakati huohuo, upande wa prosesa za PowerPC, Peter Bergner wa IBM alikuwa ameandika mwaka 2001 taratibu za kutunza maeneo ya kumbukumbu kwa orodha badala ya biti. Orodha haijali ram ni kubwa kiasi gani. Inajali tu imekatika vipande vingapi, na vipande kwa kawaida ni vichache. Mwaka 2010 wazo hilo lilipewa jina la memblock na kuletwa kwenye kompyuta za kawaida. Kwa miaka kadhaa vyombo viwili viliishi pamoja, kimoja kikijifanya mwenzake ili msimbo wa zamani usivunjike. Mwaka 2018 Mike Rapoport alikamilisha kazi ya kuiondoa bootmem, na toleo la 4.20, lililotoka Desemba mwaka huo, likawa na memblock peke yake.

Kutoka 1999 hadi 2018 ni karibu miaka 20, kwa ajili ya chombo kinachofanya kazi kwa sehemu ya sekunde. Wapo watakaoona huo ni muda uliopotea. Mimi naona kinyume. Kila mgawaji wa ziada wa alfajiri ni orodha ya ziada, na orodha mbili za mali moja hazikosi kupingana siku moja. Kuzipunguza ziwe moja ni kazi ya uaminifu kuliko ya kasi.

Ngazi inayojijenga

Kuna fumbo la pili. Prosesa za leo haziigusi ram kwa anwani zake halisi. Programu hutumia anwani pepe, na majedwali ya kurasa huzitafsiri kuwa anwani halisi. Ili kerneli iguse eneo fulani la ram, lazima kuwe na jedwali linalolitaja. Jedwali nalo linakaa kwenye ram. Kwa hiyo ili uandike jedwali jipya unahitaji ram ambayo tayari inafikika, na ram inafikika kwa jedwali.

Linux kwenye kompyuta za biti 64 hulitatua kama mtu anayejenga ngazi huku akiipanda. Ndani ya kerneli kumeachwa kurasa chache za akiba kwa ajili ya majedwali ya mwanzo kabisa. Kwa hizo, kerneli huunganisha megabaiti ya kwanza, kisha kipande kidogo karibu na kilele cha ram. Kipande hicho kikishafikika, majedwali yanayofuata hukaa ndani yake na kuunganisha kipande kikubwa zaidi, na hicho kikazaa kingine, hadi ram yote inafikika. Si kazi ya kubahatisha: ukurasa mmoja wa jedwali una mistari 512, na kila mstari ukielekeza kwenye kipande cha megabaiti 2, ukurasa huo mmoja unatosha kwa gigabaiti nzima. Kidogo kilichobebwa kutoka nyumbani kimetosha tena.

Sensa na makabidhiano

Memblock inafaa kwa alfajiri, haifai kwa mchana. Ombi likija mara elfu nyingi kwa sekunde, kutoka kwa prosesa nane kwa wakati mmoja, na kurudishwa ovyo, orodha mbili zitakwama. Lazima aje mgawaji wa kudumu, naye hawezi kufanya kazi bila sensa. Kila ukurasa wa ram hupewa kadi yake: unatumika au hautumiki, una watumiaji wangapi, ni wa nani. Kwenye mashine za biti 64, kadi hiyo kwa kawaida ni baiti 64. Baiti 64 kwa kila baiti 4,096 ni asilimia 1.56. Simu ya GB 2 ina kurasa 524,288, hivyo kadi zake ni megabaiti 32. Kompyuta ya GB 4 hutumia megabaiti 64. Hiki ni kipande kingine cha jibu la mzee, na ni kipande kinachoweza kuhesabiwa kwenye karatasi.

Kwa mashine kubwa sensa huwa mzigo wa aina yake. Seva yenye terabaiti 1 ya ram inahitaji gigabaiti 16 za kadi tupu, na zamani prosesa moja ndiyo iliyozijaza zote huku nyingine zikisubiri. Mwaka 2015 kazi ya Mel Gorman iliwezesha Linux kujaza kwanza kadi za kutosha kuamkia, na kuziacha nyingine zijazwe baadaye kwa prosesa nyingi kwa pamoja. Kwa simu ya GB 2 jambo hilo halina uzito. Mstari wa mwisho wa sensa huandikwa kabla hujahema.

Kadi zikiwa tayari, memblock hufanya tendo lake la mwisho: hupita kwenye ram yote, na kila ukurasa usiomo kwenye orodha ya waliochukuliwa huukabidhi kwa mgawaji mkuu. Huyu ni mgawaji wa pacha. Wazo lake lilielezwa na Kenneth Knowlton mwaka 1965: kumbukumbu hukatwa kwa vipande vya nguvu za mbili, kipande kikubwa hugawanywa kuwa pacha wawili, na pacha wote wawili wakiwa huru huunganishwa tena. Juu yake hukaa mgawaji wa vitu vidogo, kwa wazo la Jeff Bonwick, aliyeuandikia mfumo wa Solaris mgawaji wa namna hiyo mwaka 1994: vitu vya umbo moja hupangwa kwenye trei moja, ili kimoja kikirudi kingine kiingie palepale.

Hata huyu wa mwisho anakutana na fumbo lilelile. Kila trei ina maelezo yake, na maelezo hayo ni kitu kidogo kinachotakiwa kukaa kwenye trei ya maelezo. Trei ya kwanza kabisa itatoka wapi? SLUB, mgawaji ambaye Christoph Lameter alimwandika akaingizwa Linux mwaka 2007, huanza na maelezo ya muda yaliyochapwa ndani ya kerneli. Kwa hayo hutengeneza trei halisi, hunakili maelezo ndani yake, kisha huyaacha yale ya muda. Ni mara ya tatu tunakutana na jibu hili, na sidhani ni bahati mbaya. Hakuna mfumo unaojizaa kutoka kwenye utupu. Kila mmoja hubebwa na kijenzi cha muda kinachojua siku yake ya kuondoka.

Kinachobaki kimeshikwa

Si kila kilichoandikwa kwenye orodha ya alfajiri hurudishwa. Eneo la modemu halirudi. Eneo la usalama halirudi. Kipo pia kipande kidogo ambacho baadhi ya mashine hukiacha ili kerneli ikianguka iandike humo maneno yake ya mwisho, nayo yasomwe baada ya kuwashwa upya. Kamera na video nazo zinahitaji vipande virefu visivyokatika, na vipande virefu hupatikana alfajiri tu; mchana kumbukumbu imeshatawanyika kama mchele uliomwagika. Kwa hiyo kerneli hutenga mapema eneo la vipande hivyo, lakini kwa hekima: kamera ikiwa imezimwa, eneo hilo huazimishwa programu za kawaida kwa sharti kwamba vitu vyao vinahamishika, na kamera ikiwashwa vinahamishwa.

Hapa pana suala la haki ambalo halizungumzwi vya kutosha. Maeneo ya modemu, usalama na skrini hayapungui kwa sababu simu ni ya bei nafuu. Megabaiti 200 zilizotengwa kwenye simu ya GB 8 ni chini ya sehemu moja kati ya arobaini. Kwenye simu ya GB 1 ni karibu sehemu moja kati ya tano. Mwenye kidogo ndiye anayekatwa zaidi. Google ilitangaza mwaka 2017 toleo la Android Go kwa simu za GB 1 au pungufu, na hilo lilisaidia kupunguza uzito wa programu. Lakini makato ya alfajiri yako mikononi mwa anayetengeneza chipu na anayeandika ule mti wa maelezo ya kifaa. Wakitenga kwa ukarimu wa ovyo, hakuna programu ya kusafisha simu, hata itangazwe vipi, itakayoirudisha megabaiti hata moja. Programu hizo huishi mchana. Mgao ulikwisha alfajiri.

Na mzee hakupunjwa na muuzaji. Kwenye hifadhi ya picha na nyimbo, tofauti kati ya boksi na simu hutokana kwa sehemu na namna mbili za kuhesabu gigabaiti. Kwenye ram hesabu hiyo haipo: GB 2 ni baiti 2,147,483,648 kamili, na zote zipo ndani ya simu yake. Kinachoonyeshwa ni kile kilichobaki baada ya waliotangulia kuandikwa.

Ram mbovu na dirisha dogo

Niliwahi kuitwa kutazama kompyuta ya mezani kwenye shule moja ya wilaya hii ya Kilwa. Ilikuwa mashine ya mtumba yenye Linux na kipande kimoja cha ram. Asubuhi ilifanya kazi vizuri, mchana ilikwama bila kuaga, mara kwenye barua ya mwalimu, mara kwenye mchezo wa wanafunzi. Kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake: virusi, umeme, joto. Kukwama kusiko na mahali maalumu kulinifanya niishuku ram.

Kipande kipya kingetoka Dar es Salaam kwa basi, kishushwe Nangurukuru, kisha kitafutiwe usafiri wa kuingia Masoko. Kabla ya hapo nilijaribu jambo moja. Wakati wa kuwasha, kwenye mstari wa maagizo ya kerneli, niliongeza neno memtest=4. Agizo hilo huiambia kerneli ipime ram alfajiri ileile, wakati memblock bado inashika daftari. Inaandika mpangilio wa namba kwenye maeneo matupu na kuzisoma tena, mara nne kwa mipangilio tofauti. Ikikuta mahali panaporudisha kisichoandikwa, haipigi kelele wala haisimami. Inaliandika eneo hilo kwenye orodha ya pili, kana kwamba lina mwenyewe. Nilipofungua kumbukumbu za uamkaji kwa amri ya dmesg, nilikuta mistari miwili ikitaja anwani mbovu zilizotengwa. Kompyuta ile iliendelea na kazi hadi ram mpya ilipofika.

Nalieleza tukio hili kwa sababu linaonyesha nguvu ya alfajiri na mipaka yake. Nguvu yake ni kwamba kwa mistari miwili kwenye daftari, ubovu ulitoweka kwenye macho ya kila programu iliyofuata. Mgawaji wa pacha hakuambiwa akwepe, hakukabidhiwa. Mipaka yake ni kwamba kipimo hakigusi eneo ambalo kerneli yenyewe imekalia, na ubovu unaokuja mashine ikipata joto haukamatwi mashine ikiwa ya baridi. Dirisha lipo, ila ni dogo, na likifungwa halifunguki hadi uwashe upya.

Lugha ya mlangoni

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na Kiswahili kikaingia kwenye menyu za programu za ofisi. Ilikuwa hatua ya heshima. Hata hivyo tulibaki mlangoni. Tunayo maneno ya kufungua faili na kuhifadhi, lakini tukifika kwenye kerneli tunasema "sistimu imekula" na kunyamaza. Si kwamba lugha imetuishia. Kutenga, kuorodhesha, kukabidhi, kuazima, kurudisha, mgao, akiba, daftari: maneno yote niliyotumia hapa yanatumika ufukweni na sokoni, na yanaubeba mfumo huu bila kuelemewa. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia mbele ya mashine iliyofunguliwa.

Fundi kijana wa Lindi au Kilwa mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuanza leo. Awashe mashine, aandike dmesg, asome kuanzia juu. Miongoni mwa mistari ya mwanzo ataikuta ramani ya e820, eneo kwa eneo. Akitaka kuona kila mgao wa alfajiri unavyoandikwa, aongeze memblock=debug wakati wa kuwasha. Chini kidogo ataukuta mstari unaoanza na neno Memory, wenye tarakimu mbili: iliyopo kwa kugawa, na jumla. Tofauti ya tarakimu hizo ndiyo swali la mzee, na ndani ya mabano ya mstari huohuo limejibiwa kipande kwa kipande: maagizo ya kerneli, data zake, kilichotengwa.

Akiendelea kushuka atakutana na mstari mwingine, ambao mimi huupenda kuliko wote. Unasema kwamba kumbukumbu ya kerneli isiyotumika tena inaachiliwa. Hiyo ni sehemu ya kerneli yenyewe: maagizo ya kuamkia, ambayo yamemaliza kazi na hayataitwa tena. Kwenye kompyuta nyingi, daftari la memblock nalo huondoka baada ya makabidhiano. Jahazi likishajengwa ufukweni hufika siku ya kuondoa magogo yaliyoliegemeza, na magogo yale yale huenda kuegemeza chombo kingine. Kerneli nayo huyaondoa magogo yake na kuyatia kwenye mgao wa wote.

Mzee wa Kilwa Masoko hakupata maelezo haya siku ile. Nikimkuta tena nitamwambia kwa ufupi: GB zako mbili ni kamili, baba. Ila kabla hujaamka kulikuwa na waliotangulia baharini, na kitoweo chao kimetolewa kwanza.